Risasi isiyo na risasi: mwongozo kwa anayewinda kwa kibali na kwa anayeletewa nyamapori

Katika Kiswahili neno ni moja. Risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na risasi ni madini yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyayeyusha jikoni wakatengeneza chubwi za mishipi. Waarabu, ambao tumelitoa kwao neno hili, nao hulitumia hivyo hivyo. Kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kutofautisha, kwa kuwa kila risasi ya bunduki ilikuwa ya madini hayo. Leo mambo yamebadilika. Zipo risasi za kuwindia zilizotengenezwa kwa shaba tupu, na ziko nchi ambako sheria inamlazimisha mwindaji azitumie.

Msomaji atauliza: jambo hili latuhusu nini sisi, ilhali Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza? Swali ni la haki. Na tuliseme mapema ili asije mtu akasingizia makala hii: hapa kwetu kuwinda na kuuza nyamapori ni kosa la jinai, iwe kwa risasi ya shaba, kwa mshale au kwa mtego.

Lakini jamaa zetu hawako Kenya pekee. Wapo walio Marekani, Canada, Uingereza na nchi za Skandinavia, ambako kuwinda kulungu kwa kibali ni jambo la kawaida, na asiyewinda huletewa nyama na jirani au mfanyakazi mwenzake. Wapo pia ndugu zetu wa Tanzania, ambako uwindaji huendeshwa kwa leseni na kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha maalumu kuuza nyamapori. Kwa watu hawa swali la risasi ipi linaingia moja kwa moja kwenye sufuria, kisha kwenye sahani ya mtoto.

Na sumu yenyewe Pwani tunaijua. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 kikafungwa mwaka 2014, kikawaacha wakazi na madini ya risasi katika damu zao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hukumu ikatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Baada ya yote hayo, hakuna mtu wa Mombasa wa kuambiwa kwamba madini haya ni kitu cha kuchezea.

Ili tusichanganyikiwe, katika makala hii nitasema "madini ya risasi" ninapokusudia chuma kile cha kijivu, na "risasi" peke yake ninapokusudia ya bunduki.

Kinachotokea ndani ya nyama

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, baruti, fataki iliyo kwenye kitako inayowasha baruti, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Tunachozungumzia hapa ni kichwa. Kichwa cha kawaida cha kuwindia kina moyo wa madini ya risasi uliovishwa koti jembamba la shaba. Madini ya risasi yalipendwa kwa sababu ni mazito, ni rahisi, na ni laini. Kichwa kikigonga mnyama hupanuka kama uyoga na kumuua upesi.

Ulaini huo ndio ubaya wake. Kichwa kinachokwenda kasi kikikutana na nyama na mfupa hakipanuki tu, bali humeguka. Vipande vingine huonekana kwa macho, na vingine ni vumbi ambalo ulimi na meno haviwezi kulihisi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kulungu 30 waliopigwa na wawindaji kwa risasi za kawaida. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya madini katika mizoga yote, kuanzia vipande 15 hadi 409 kwa mnyama mmoja. Kisha kila mnyama alipelekwa kwa mchinjaji wake akakatwakatwa kama kawaida. Katika pakiti 234 za nyama ya kusaga, asilimia 32 zilikuwa na kipande kimoja au zaidi. Nguruwe waliolishwa nyama ile walipanda kiwango cha madini ya risasi katika damu ndani ya siku 2, kuwashinda wenzao waliolishwa nyama safi. Kwa hiyo hoja kwamba vipande hupita tumboni bila madhara haina mashiko.

Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mwili huyadhania kuwa ni kalsiamu ukayaweka kwenye mifupa, na huko hukaa miaka mingi. Mama mjamzito humpa mtoto aliye tumboni. Kwa mtoto mdogo huathiri ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka. Mtu mzima anayekula nyamapori mara moja kwa mwaka hana sababu ya kupata hofu. Anayetakiwa kuangaliwa ni mtoto wa nyumba ambayo friza yake imejaa nyama ya kulungu, na anaila wiki baada ya wiki.

Nchi zilizokwisha kuamua

Mjadala huu haukuanzia kwa binadamu. Ulianzia kwa ndege. Bata wa mwituni walikuwa wakimeza marisau yaliyoanguka kwenye matope wakidhani ni changarawe, wakafa. Ndiyo maana Marekani ilikataza marisau ya madini ya risasi katika kuwinda ndege wa majini nchini kote mwaka 1991, na Denmark ikayakataza kabisa mwaka 1996.

Wakafuata ndege wanaokula mizoga. Kule California yupo kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Waliozalishwa kwenye hifadhi na kurudishwa mwituni waliendelea kufa, na sababu kubwa ilikuwa madini ya risasi waliyoyala katika matumbo ya wanyama yaliyoachwa porini na wawindaji. California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 hakuna ruhusa ya kuwinda mnyamapori yeyote katika jimbo hilo kwa risasi za madini hayo. Denmark ilimaliza kazi tarehe 1 Aprili 2024 kwa kuzikataza pia risasi za kuwindia wanyama wakubwa. Serikali ya Uingereza nayo ilitangaza Julai 2025 mpango wa kuziondoa nyingi katika hizo kwa kipindi cha mpito cha miaka 3.

Afrika haimo nje ya habari hii. Nchini Botswana watafiti walipima damu ya zaidi ya tumbusi 500, na karibu theluthi moja walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi, hasa katika msimu na maeneo ya uwindaji. Tumbusi hajui mpaka. Anayelala Maasai Mara aweza kula Serengeti na maeneo ya jirani siku ya pili. Kwa hiyo hata Kenya isiyowinda ina hisa katika risasi anayoichagua mwindaji wa ng'ambo ya mpaka.

Namna ya kuchagua

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwindaji aliyezoea risasi za zamani akinunua za shaba kwa uzito ule ule na kwenda porini bila kuzijaribu, aweza kumjeruhi mnyama akakimbia, kisha akailaumu shaba. Kosa haliwi la shaba. Yako mambo sita ya kuzingatia.

1. Soma boksi kwa makini. Rangi haikwambii kitu, kwani vichwa vingi vya madini ya risasi huvaa koti la shaba na kwa nje vinafanana na vya shaba tupu. Sumaku nayo haisaidii, kwa kuwa haivuti shaba wala madini ya risasi. Ncha ya plastiki pia si dalili, maana hutiwa kwenye vichwa vya aina zote mbili. Hakikisha maandishi yanasema kichwa chenyewe ni cha shaba au hakina madini ya risasi. Boksi jingine hujisifu kuwa fataki ndiyo isiyo na madini hayo, na hilo ni jambo jingine kabisa. Miongoni mwa vichwa vya shaba vinavyojulikana sokoni ni TTSX vya Barnes, CX vya Hornady, Ecostrike vya Norma na Naturalis vya Lapua. Barnes ndio waliofungua njia hii katika miaka ya 1980.

2. Punguza uzito. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, na ya shaba ina gramu 9 hivi. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito ule ule huwa kirefu zaidi, hula nafasi ya baruti, na huenda taratibu. Shaba haimeguki, hubaki na karibu uzito wake wote hadi mwisho wa safari, kwa hiyo haihitaji uzito wa ziada. Vichwa hupimwa kwa greni, na greni 1 ni kama miligramu 65. Aliyekuwa akitumia greni 180 katika bunduki ya .308 au .30-06 atazame greni 150 au 165. Aliyekuwa akitumia greni 150 katika .270 atazame greni 130. Katika .243, aliyezoea greni 100 atazame 80 au 85.

3. Angalia mifereji ya mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojizungusha inayokipa kichwa mzunguko ili kiruke kimenyooka. Kichwa kirefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu wa zamani wenye mzunguko wa polepole waweza kushindwa kukituliza kichwa kirefu cha shaba, kikayumba njiani. Watengenezaji huandika mzunguko unaofaa. Ukiwa na shaka, chagua kichwa kifupi na chepesi.

4. Jua mwisho wa masafa yako. Kichwa cha shaba kina tundu kwenye ncha, na kikigonga mnyama hufunguka kwa petali, mara nyingi nne. Ili kifunguke kinahitaji kasi. Vingi hutaka kasi isiyopungua futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde, yaani mita 550 hadi 610, pale kinapomfikia mnyama. Kikipungukiwa hupita kama msumari na kuacha tundu dogo. Kila mtengenezaji hutaja kasi ya chini ya kichwa chake. Linganisha na jedwali la kasi lililo kwenye boksi, ujue ni mita ngapi ndizo mwisho wako, usizipite.

5. Jaribu kabla ya msimu. Safisha mtutu vizuri kwanza, utoe mabaki ya risasi za zamani. Nunua boksi mojamoja la aina mbili au tatu, uende uwanja wa shabaha, upige makundi ya risasi tatu tatu kwa mita 100. Bunduki moja hupenda aina hii, nyingine hupenda ile, na hakuna wa kukuambia kabla hujajaribu. Ukipata inayokaa pamoja, rekebisha darubini yako upya, kwani haitapiga pale pale ilipokuwa ikipiga ya zamani.

6. Lenga mahali pake. Madini ya risasi yakimeguka husambaa na kuharibu sehemu kubwa, na wako waliozoea kutegemea hilo. Shaba hupita moja kwa moja na huingia ndani zaidi, hata kupitia mfupa wa bega. Ilenge kwenye mapafu na moyo, ama ipitie begani. Usimpige mnyama tumboni ukitaraji vipande vimalize kazi. Na kwa kuwa mara nyingi kichwa hutokea upande wa pili, angalia kilicho nyuma ya mnyama kabla hujafyatua.

Kwa wanyama wakubwa wenye hatari kama nyati, hakuna jambo geni hapa. Wawindaji wa Afrika wamezoea muda mrefu vichwa vya chuma kigumu cha shaba visivyopanuka, kwa sababu madini ya risasi yalikuwa laini mno kwa ngozi na mifupa ya aina hiyo. Shaba ilikuwa tayari inaaminika kwa mnyama mgumu kuliko wote. Kilichobaki ni kuiamini pia kwa swala.

Malalamiko ya bei

Linalosemwa sana ni kwamba risasi za shaba ni ghali. Ni kweli ukizilinganisha na za madini ya risasi za bei ya chini kabisa. Ukizilinganisha na za daraja la juu, tofauti huwa ndogo. Na tukumbuke hesabu ya mwindaji wa kawaida: kulungu mmoja ni risasi moja, mara chache mbili. Boksi la risasi 20 laweza kumtosha kurekebisha darubini na kuwinda msimu mzima. Upungufu wa kweli uko kwa bunduki ndogo za .22 zinazopiga sungura, kwani huko za shaba ni chache na hazilengi vizuri katika kila bunduki.

Kuna faida nyingine ya jikoni. Risasi ya shaba huharibu nyama kidogo, na pande la bega lililokuwa likitupwa hubaki likaliwa.

Ukiletewa nyama usiyoijua

Anayepewa nyama hana uwezo wa kuchagua risasi, lakini ana haki ya kuuliza. Muulize aliyekuletea: ilipigwa kwa risasi gani? Kama ni ya shaba, ipike. Kama ni ya madini ya risasi, au hajui, fanya hivi:

Pande lililo karibu na jeraha litupwe, na likatwe kwa upana. Uchunguzi uliofanywa na idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota ulikuta vipande mbali na tundu la risasi kuliko wawindaji walivyodhani, hata zaidi ya sentimita 30. Usiioshe ukidhani utavitoa, kwani uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa maji huvisambaza. Nyama ya kusaga ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mchinjaji hukusanya vipandevipande vya kila mahali, na mashine moja husaga wanyama wengi. Mapaja ya nyuma yaliyokatwa mazima huwa na usalama zaidi mnyama akiwa amepigwa kifuani.

Jambo jingine ni la mapishi yetu. Sisi nyama hatuiachi bila ndimu, siki au ukwaju. Utafiti wa Hispania juu ya nyama ya kwale ulionyesha kuwa siki huyayeyusha madini ya risasi yaliyo ndani ya nyama, yakawa mepesi kuingia mwilini. Kwa hiyo nyama ya risasi usiyoijua usiilaze kwenye ndimu usiku kucha.

Na kwa watoto wadogo na mama wajawazito jibu ni fupi: wasiile. Ndivyo zilivyoshauri taasisi za chakula za Ujerumani na Uswidi kuhusu nyama iliyopigwa kwa madini ya risasi. Katika nchi hizo kuna kitoweo kingine cha kuwapa.

Neno juu ya uhalali

Kwa Waislamu, suala la mnyama aliyepigwa bunduki ni la masheikh, na wamelijadili tangu bunduki zilipoingia. Msingi wanaourejelea ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kinacholiwa ni kile kilichochomwa kikapenya, si kilichouliwa kwa kishindo cha pigo. Wengi katika wanazuoni wa zama hizi wanaijaalia risasi kuwa ni chenye kupenya, kwa sharti la kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa yu hai achinjwe. Shaba nayo hupenya, kwa hiyo haileti hukumu mpya. Mwenye shaka na amwendee sheikh wake. Ila mila yetu hailisimamishi swali kwenye halali peke yake. Tumefundishwa chakula kiwe halali na kiwe kizuri, na chenye sumu kwa mtoto hakiwezi kuitwa kizuri.

Hakuna anayemtaka mwindaji mwenye kibali aache kuwinda. Anachotakiwa ni kununua boksi tofauti, na kutumia nusu siku uwanjani kulijaribu. Na nasi huku, tukiwapigia simu walio ughaibuni tukasikia friza imejaa nyama ya kulungu, tuwaulize ilipigwa kwa risasi gani kabla hawajawapakulia watoto.